Mbegu za Bure Mkuza

Siku mliyoniaga pale Kisarawe mlinisifu mpaka nikaanza kugeuka nyuma kumtafuta huyo mnayemsema. Kisha mmoja wenu akasimama akasema, "Mzee, tuandikie mambo ya kazi, tusije tukarudia makosa." Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Makosa mtayafanya tu, hilo halina dawa, ila ni vizuri mjue lipi ni lenu wenyewe na lipi lilishafanywa na mwenzenu kabla hamjazaliwa. Basi nimekaa kuandika. Vyeo na mishahara nimeviacha, viko kwenye faili. Nitawaandikia jambo moja ambalo kila bwana shamba mpya huliona jepesi kuliko yote, nalo ni kugawa vitu vya bure.

Nilikuja huku nikiwa kijana, mwenye cheti kipya na kaptula ya serikali iliyonipwaya. Nilishuka Dar es Salaam na gari moshi kutoka Tabora, nikapanda vilima vya Pugu kwa miguu, sanduku langu la bati kichwani. Karibu na Kisarawe nikakutana na akina mama watatu wanatoka kuteka maji. Nikawaamkia vizuri kabisa, shikamooni mama zangu. Wakaitikia marahaba, wakanitazama, na mmoja akauliza, "Kwenu wapi, mwanangu?" Nikasema Unyamwezi. Lo! Nilikuwa sijamaliza neno. "Mtani huyu! Tazameni, hata serikali imemvisha kaptula, bado kichwa kinataka mzigo!" Wakanizunguka, mmoja akanitua sanduku, akanivua kofia akaivaa yeye, akaenda nayo mpaka kwake. Niliipata baada ya siku mbili, na nililipa kwa kumkatia kuni. Ndivyo nilivyojua kwamba utani wa Wazaramo na Wanyamwezi niliousikia kwa babu zangu haukuwa hadithi. Kwa miaka yangu yote huku, sikuwahi kuwa mgeni. Nilikuwa mtani, na mtani hana mlango wa kubishia hodi.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mwekundu wa shingo, ambaye watu walimwita Bwana Kamba. Aliamini kwamba shida zote za Afrika zingekwisha kama watu wangepanda kwa mstari. Alitembea na kamba yenye mafundo na vigingi viwili, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, safi kuliko changu na chenu. Hakuwahi kusema "njoo", alisema "nakusihi usogee". Watu walimpenda kwa hilo, na walikuwa wakimwiga vilabuni.

Lakini aliyenifundisha kazi hakuwa yeye. Alikuwa Mzee Shomari, fundi wa kitalu chetu, Mzaramo wa Maneromango, mtu mfupi, mwenye kidole kimoja kilichopinda kwa jembe. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba mbegu ya korosho hujaribiwa kwa debe la maji, inayozama ndiyo ya kupanda na inayoelea ni ya kutupa. Alinionyesha jinsi ya kuilaza shimoni, upande ulioshikana na bibo, lile tunda lake, ukitazama juu, na kuweka tatu kila shimo kwa sababu moja ni ya panya, moja ya bahati mbaya na moja ya mkulima. Alinizoeza pia kuacha baiskeli barabarani. "Ukipita na baiskeli," alisema, "unaona migongo ya watu. Shuka uone mikono." Ushauri huo niliushika. Kulikuwa na mwingine sikuushika, na ndio uliozaa haya ninayoandika.

Serikali ya wakati ule ilikuwa na hamu kubwa ya kuwasaidia wakulima, na hamu ndogo ya kuwauliza. Mwaka wangu wa kwanza tuligawa mbegu za karanga. Tuligawa asubuhi, na jioni kila nyumba ilikuwa inapika kisamvu cha karanga, na mimi mwenyewe nilikaribishwa nyumba mbili. Nilikula, na sijutii. Mwaka uliofuata tukagawa majembe kwa orodha ya jumbe wa kijiji. Orodha ile ilikuwa na jumbe mwenyewe, ndugu zake, shemeji zake, mtu aliyekuwa amehamia Bagamoyo, na marehemu mmoja ambaye hakuja kuchukua jembe lake lakini alitumiwa. Bwana Kamba alipoijua hiyo ya marehemu shingo yake ilizidi wekundu. Akaniita. "Mwaka huu serikali itatoa mbegu za korosho," akasema, "na ninataka wapewe wale ambao kwa hakika wanalima. Utaandika orodha wewe mwenyewe. Na kupanda ni amri."

Vijana, hakuna kitu kinachompandisha mtu kichwa kama kuambiwa aandike orodha. Nilitembea Mkuza yote, Kongowe, mpaka karibu na Kwala, shamba kwa shamba, daftari mkononi. Nilikuwa na kanuni yangu, nayo niliiona ya busara kupita zote. Sikuingia nyumba ya mtu. Nilimwandika niliyemkuta jembe mkononi, basi. Na niliowakuta jembe mkononi wengi wao walikuwa wanawake, maana waume wengi walikuwa mkongeni au bandarini. Nilijiona mwenye haki. Mzee Shomari aliniangalia nikirudi na vumbi langu akaniuliza, "Umeuliza na ardhi ni ya nani?" Nikamjibu kwamba serikali inatafuta mkulima, haitafuti ardhi. Akaendelea kuchekecha mchanga wake.

Katika orodha yangu nyota ilikuwa Bi. Mwanamvua wa Mkuza. Mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kuita kuku wa kijiji kizima. Muhogo wake ulikuwa mnene, kunde zake hazikuwa na magugu, na nguruwe pori, ambao walikuwa wanawalia wengine mpaka mbegu, kwake walikuwa hawatii mguu, kwa sababu alikuwa anawatukana alfajiri na magharibi bila kukosa. Shamba lile lilimlisha yeye, mama yake kipofu na wajukuu wanne. Nilimpa mbegu nyingi kuliko mtu yeyote, kikapu kizima.

Hakufurahi. Alikitazama kikapu kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake.

"Bwana shamba, hizi hapana. Nipe mbegu za mtama."

"Mtama ni wa mwaka mmoja, bibi. Hii utavuna mpaka uzeeni."

"Ndiyo hiyo ninayoisema," akajibu. "Mie huku sipandi vitu vya uzeeni."

Mimi nikadhani anaogopa kazi ya kuchimba mashimo. Aibu inanishika hadi leo. Nikamwambia ni amri, na asiyepanda atapelekwa bomani. Akanitazama kidogo, akaniambia, "Haya, mtani. Serikali imesema," akachukua kikapu.

Siku chache baadaye nilipita nikakuta mashimo yamechimbwa na kufukiwa, yamenyooka hata Bwana Kamba mwenyewe asingeweza kuyanyoosha hivyo. Nilifurahi mno. Nikaandika ripoti ndefu, nikamtaja Bi. Mwanamvua kama mfano kwa wilaya nzima. Tahadharini na ripoti ndefu. Bwana Kamba aliisoma, naye akafurahi, akasema Jumatano ya wiki ya nne tangu kupandwa atakuja Mkuza kuiona hiyo mikorosho ikiwa imechipua, na watu wote wa orodha waitwe wajifunze.

Nikakimbia Mkuza kuandaa ziara. Nilikuta shamba safi, mashimo yanaonekana, mvua imenyesha vizuri. Wala jani. Nikapita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna hata mche mmoja uliotoa kichwa. Nikadhani panya. Bi. Mwanamvua alikuwa amesimama na jembe lake, ananitazama ninavyohangaika. Mwishoni akaniambia niketi, akanipa muhogo wa kuchoma.

"Kula kwanza, nikwambie."

Nikala.

"Mle hamna kitu, bwana shamba. Korosho tulizikaanga, tukala. Majirani wakasikia harufu, nikawapa nao, wakafunga midomo yao. Nilichofukia ni maganda."

Nilisahau kutafuna. Kisha akanieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Ardhi ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Mzee Kibwana, ambaye babu yake ndiye aliyefyeka msitu ule. Marehemu mumewe aliiazima, na baada yake yeye akaachiwa aendelee, mwaka wa kumi na moja ule. Na kwa Wazaramo mwenye kuazima hupanda vitu vya kuvuna vikaisha: muhogo, mtama, kunde. Mti hapandi. Ukipanda mti umesema ardhi ni yako, maana mti ni wa aliyeupanda, na utamng'oaje mtu ambaye mti wake umesimama? Kupanda mti kwenye ardhi ya kuazima ni wizi wa mchana.

"Sasa nifanyeje?" akasema. "Nisipopanda, serikali inanifunga. Nikipanda, nimemwibia mtu aliyenilishia watoto. Basi nikachimba ya serikali, nikafukia ya Mzee Kibwana."

Nilicheka, na yeye akacheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani. Mzee Kibwana alikuwa ameyaona mashimo, na mistari ile hakuna asiyejua ilikuwa ya nini. Alikuwa amekuja amesimama mpakani, akamwambia ang'oe muhogo wake na ahame kabla mwezi haujaandama. Bi. Mwanamvua hakuthubutu kumwambia ukweli, kwa hofu kwamba ungemfikia jumbe na kutoka kwa jumbe ungefika bomani. Alitumaini mzee angeona hapaoti kitu, hasira ishuke. Mwezi ulikuwa umebakiza siku nane, na Bwana Kamba alikuwa anakuja baada ya siku tano.

Nilirudi kitaluni nikasimulia yote. Mzee Shomari alicheka mpaka akashika mti. Alipomaliza akaniambia kwamba anayo miche ya korosho kwenye vikasha, anaweza kunipa, niichomeke kwenye yale mashimo kabla ya Jumatano, na Mzungu ataondoka ameridhika. Nakiri, niliitazama miche ile kwa muda mrefu. Ilikuwa mizuri. Ingeniokoa mimi, ripoti yangu, kila kitu. Na ingemwondoa Bi. Mwanamvua kwenye shamba siku hiyohiyo, maana hapo ingekuwa miti ya kweli. Nikamwambia hapana. Mzee Shomari akatikisa kichwa akasema, "Nilitaka nikujue." Kisha akarudi kwenye mchanga wake, na mimi nikaona kwamba hatanipa ushauri mwingine.

Basi nikaenda kwa Mzee Kibwana, na nikaenda kwa njia pekee niliyokuwa nayo. Niliingia uani kwake bila hodi, nikachukua bakora yake iliyoegemezwa ukutani, nikakaa kwenye kiti chake.

"Weka fimbo yangu chini, Mnyamwezi."

"Siweki. Ninakwenda nayo. Ukiitaka ifuate Jumatano Mkuza, kwenye shamba la Bi. Mwanamvua."

"Shamba langu!"

"Hilohilo. Uje uyaone mashimo kabla hujamfukuza mtu."

Alikuwa mzee mnene, mwenye hasira za haraka, na angekuwa mtu mwingine ningetoka na jeraha. Lakini mtani akichukua, amechukua. Alinifuata mpaka barabarani ananiita mbeba mizigo, mla panzi, na mengine ambayo karatasi haiyataki. Watoto wake wa kike walikuwa wanacheka mlangoni. Nikajua atakuja.

Jumatano watu walijaa kama harusini. Jumbe alikuwa amevaa koti. Bi. Mwanamvua alijifunga kanga mpya, akasimama pembeni ya shamba. Bwana Kamba alifika na kamba yake, akaipitisha juu ya mistari, akafurahi kama mtoto. Kisha akaniuliza mbona haoni majani. Kabla sijajibu akachukua kigingi, akapiga magoti, akachimba shimo la kwanza. Akatoa ganda jeusi. Akachimba la pili, ganda jeusi.

"Ninasikitika kuona kwamba mbegu hizi zimeunguzwa na jua," akasema.

Watu walikuwa wanauma midomo. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nikasema kwa sauti kwamba hakuna jua, kosa ni langu. Nikamweleza yote. Kwamba niliandika walimaji bila kuuliza ardhi, nikampa mwanamke huyu amri ambayo ingemfanya mwizi, na kwamba yeye hakutaka kuiasi serikali wala kumwibia mwenye ardhi, ndiyo maana mashimo yamenyooka na ndani mna maganda. Nikasema kama kuna wa kufungwa ni mwenye daftari.

Bwana Kamba akabaki amepiga magoti, ganda mkononi. Akamgeukia Mzee Kibwana, ambaye alikuwa amefika amesimama nyuma bila bakora yake.

"Je, ni kweli kwamba orodha yangu imegawa ardhi yako?"

"Kweli, bwana," Mzee Kibwana akasema. "Tena bure."

Hapo mtu mmoja akashindwa, akacheka, na watu wote wakafuata. Bwana Kamba akasimama, akawauliza wengine wa kwenye orodha, wangapi wanalima ardhi ya kuazima. Mikono ikapanda kuliko alivyotarajia. Akauliza mbegu zao ziko wapi. Mama mmoja akasema zake ziko darini. Mwingine alikuwa amempelekea mwenye shamba. Wa tatu, Mungu amrehemu, akasema, "Mie zangu tulikula kwa Mwanamvua." Jumbe alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimwona Bwana Kamba anatafuta hasira yake na haipati, mpaka naye akaanza kucheka, kicheko kikubwa ambacho hatukujua anacho. Kisha akaniambia palepale kwamba orodha iandikwe upya, na kwamba kila jina liulizwe mambo mawili, nani analima na ardhi ni ya nani, na mbegu ya mti isitoke mpaka wawili hao wamesikilizana. Kufungwa hakukutajwa tena. Na vijana, hiyo ndiyo sababu mnawachosha watu kwa maswali mengi mpaka leo. Endeleeni kuwachosha.

Lakini mimi sikuwa nasikiliza vizuri, nilikuwa namwangalia Mzee Kibwana. Alikuwa ameinama na kuchimba shimo jingine kwa vidole, na jingine. Kila moja alitoa maganda. Aliyaweka kiganjani, akayahesabu. Alipoinuka hakuwa anacheka.

"Mwanamvua."

"Labeka, baba."

"Yote hivi?"

"Yote, baba. Hakuna hata moja nzima. Ningethubutuje?"

"Na mie nilikufukuza, ukanyamaza."

"Ningesema ungenisikia? Ulikuwa umeshapandisha hasira."

Mzee akageuka kwa watu. Akasema wanawe watatu wako mjini, wakija hawajui hata mpaka wa shamba unapita wapi, na mwaka jana mmoja wao alimwomba auze. Akasema huyu mwanamke kwa miaka kumi na moja hakuingiza kidole kwenye kisicho chake, hata alipotishwa kifungo. Kisha akaniambia mimi, kwa ukali uleule wa siku zote, "Mnyamwezi! Mbegu unazo?"

Nilikuwa nazo, kwenye mkoba. Nikampa. Akachagua moja, akaitazama, akamwekea Bi. Mwanamvua mkononi.

"Panda."

Bi. Mwanamvua hakusogea. "Baba, sema tena. Sema mbele ya jumbe."

"Panda, nimesema. Upande huu wote, mpaka kwenye mkwaju. Kuanzia leo ni pako na wajukuu wako, na atakayekuuliza mlete kwangu."

"Sema na jina langu."

"Mwanamvua binti Salehe," mzee akasema, "ardhi hii nimekupa. Panda mti."

Nilikuwa nimewaona watu wengi wakipewa vya bure, majembe, mbegu, sabuni ya kampeni, na nilikuwa nazijua nyuso zao. Ule haukuwa uso nilioujua. Alipiga magoti kwenye shimo lilelile alilolichimba kwa hofu, akatoa maganda, akailaza korosho ilivyo sawa, bila mimi kumwelekeza, akaifukia kwa viganja vyote viwili. Wanawake walianza vigelegele. Bwana Kamba alivua kofia yake, sijui kwa nini, na mama mmoja akaichukua palepale akaivaa, kana kwamba naye ni mtani.

Bi. Mwanamvua alibaki amekaa chini, viganja juu ya udongo, machozi yanamtoka na anacheka. Nikainama kumwinua. Akakataa mkono wangu.

"Niache kwanza, bwana shamba," akasema. "Maisha yangu yote nimepanda vitu vinavyokufa kabla yangu, ninavizika mimi. Hiki kitanizika."